Bandarini Hippo: barua ya watu 120

Ndugu vijana, wengi wetu twalijua jina la Hippo kwa kuwa limefungwa kwenye jina la mtu. Twasema Augustino wa Hippo, kama tusemavyo Fransisko wa Asizi, na mji wenyewe hubaki kuwa mkia tu wa jina la mtakatifu. Katika tafakari hii twapenda kuugeuza mpangilio huo. Tuutembelee mji kwanza, tushuke hadi bandarini, kisha tumtazame yule askofu akiwa mmoja wa wakazi wake, mtu aliyesikia kelele za wachukuzi na kuona merikebu zikipakiwa.

Hippo ulikuwa kwenye pwani ya kaskazini ya Afrika, mahali ulipo leo mji wa Annaba, upande wa mashariki wa nchi ya Algeria, si mbali na mpaka wa Tunisia. Ni bara letu hili hili. Twalisema kwa mkazo kwa sababu picha nyingi za Augustino tunazoziona makanisani zilichorwa Ulaya na kumvika mavazi ya maaskofu wa huko wa karne za baadaye, hata kijana wa Bukavu au wa Kalemie aweza kumaliza mafundisho yote ya kipaimara bila kufahamu kwamba mwalimu huyu mkuu wa Kanisa alizaliwa Afrika, alifanya utume wake Afrika, akafa na kuzikwa Afrika. Miaka aliyokaa ng'ambo, Roma na Milano, ilikuwa michache, kama ya mwanafunzi wa leo anayekwenda kutafuta elimu na kazi, kisha akarudi nyumbani.

Mgeni afikaye Annaba huliona kwanza kanisa kubwa la Mtakatifu Augustino lililo juu ya kilima. Lilijengwa kati ya mwaka 1881 na 1900, wakati wa ukoloni wa Wafaransa, ambao waliuita mji huu Bône. Ndani yake imehifadhiwa sehemu ya mfupa wa mkono wa Augustino, iliyoletwa kutoka Pavia, Italia, mwaka 1842. Kando ya kanisa wapo Masista Wadogo wa Maskini, wanaotunza wazee, na wazee hao ni Waislamu, kama walivyo karibu wakazi wote wa mji. Wakristo wanaosali huko ni wachache, na wengi wao ni wanafunzi waliotoka katika nchi zilizo kusini mwa jangwa la Sahara.

Kutoka kilimani macho hushuka hadi kwenye magofu ya mji wa kale. Mwanzo wake ulikuwa kituo cha mabaharia Wafoinike. Baadaye ukawa mji wa wafalme wa Numidia, na ndiyo maana Warumi waliuita Hippo Regius, yaani Hippo wa Kifalme. Mgeni hutembea juu ya mawe ya uwanja wa mkutano wa mji, ambao ni miongoni mwa viwanja vikubwa vya namna hiyo katika Afrika ya Kirumi, na katika sakafu yake husoma bado, kwa herufi kubwa, jina la Gaius Paccius Africanus, liwali wa karne ya 1. Huona pia mabaki ya kanisa kubwa, lenye urefu wa mita zipatazo 40, ambalo wachimbuaji wa karne ya 20 walidhani kuwa ndilo alilohubiri Augustino. Jambo moja humshangaza mgeni: anatafuta bahari asiione. Kwa karne nyingi mto Seybouse umeleta udongo na mchanga, pwani ikasogea mbali, na nyumba ambazo zamani zilipigwa na hewa ya chumvi sasa zimezungukwa na majani. Ili kuielewa Hippo, basi, ni lazima tuirudishe bahari mahali pake kwa mawazo.

Tukiisha kuirudisha, twaona bandari kubwa, iliyohesabiwa karibu na ile ya Kartago. Njia za nchi kavu zilishuka kutoka nyanda za ndani zikileta ngano na mafuta ya zeituni. Merikebu zilipokea shehena na kuvuka kwenda Italia, kwa maana Roma ilikula mkate wa Afrika. Watu wa bandarini walisema Kilatini. Wakulima wa vijijini, wengi wao, walisema Kipuniki, lugha iliyoachwa na watu wa Kartago, na Augustino alihangaika kutafuta mapadri wanaoijua lugha hiyo, maana bila yao hakuna aliyeweza kuwafikia wakulima hao. Tukumbuke tofauti hii ya mjini na vijijini, kwani ndiyo itakayotufikisha kwenye jambo letu.

Augustino hakuzaliwa Hippo. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji mdogo wa bara ambao leo unaitwa Souk Ahras. Mwaka 391 alishuka Hippo kumwona rafiki aliyemtarajia kujiunga na maisha ya kitawa. Akaingia kanisani kama mgeni. Askofu mzee Valerius akawaambia waumini kwamba anahitaji padri, nao wakamshika Augustino na kumsukuma mbele huku yeye akilia. Baada ya miaka michache akawa askofu. Umati huo wa Hippo haukuwa wa watu wapole. Wakristo wa mji waligawanyika: upande mmoja Wakatoliki, upande mwingine Wadonati, na siku za sikukuu kila upande uliweza kusikia nyimbo za wenzao. Kabla ya wakati wake, askofu mmoja wa Wadonati alikuwa amewakataza waokaji wa upande wake kuwaokea Wakatoliki mkate, nao walikuwa wachache mjini. Ni katika jamii hiyo ngumu alimofanya kazi kwa karibu miaka 40, mpaka Wavandali walipouzingira mji. Alikufa tarehe 28 Agosti 430, katika mwezi wa tatu wa mazingira hayo, akiwa na umri wa miaka 75.

Barua tunayotaka kuieleza ni ya miaka yake ya uzee. Habari za barua hii zenyewe ni za ajabu. Kwa karne nyingi hakuna aliyejua kwamba ipo. Ilikuwa katika miaka ya 1970 mtaalamu kutoka Austria, Johannes Divjak, alipogundua, ndani ya miswada ya zamani iliyotunzwa Ufaransa, barua karibu 30 za Augustino ambazo hazikuwahi kuchapishwa. Zilitolewa mwaka 1981. Ile ya 10 kati yake iliandikwa kwa Alipio, rafiki wa ujana wa Augustino na askofu wa Thagaste, ambaye wakati huo alikuwa Italia kwa shughuli za Kanisa la Afrika. Somo lake ni biashara ya watu katika bandari ya Hippo.

Hapa twaomba ruhusa ya kutoka kidogo nje ya mji. Kardinali Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers tangu mwaka 1867, ndiye aliyeanzisha, mwaka 1868, shirika la Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mababa Weupe. Wana wake ndio waliofika Ujiji mwaka 1879, wakavuka ziwa Tanganyika, wakajenga Mulweba, kisha Kibanga, kisha Mpala, mahali ambapo wazee wetu wengi wa imani walibatizwa. Mwaka 1888 Lavigerie alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa iliyokuwa ikiuteketeza upande wetu wa Maniema na wa ziwa. Naye alikufa mwaka 1892, karibu miaka 90 kabla barua ile haijachapishwa. Alipiga vita jambo ambalo mtangulizi wake kwenye pwani ile ile alikuwa amelipiga vita, na hakujua. Kila tukilifikiri hili twaona uchungu kidogo: ushahidi alioutamani, kutoka kwa Mwafrika aliye mkubwa kuliko wote katika Kanisa, ulikuwa umelala kimya katika maktaba za nchi yake mwenyewe.

Turudi bandarini. Augustino anamweleza Alipio kwamba wamezuka wachuuzi wa watu, wengi wao Wagalatia, watu wa Asia Ndogo, ambao wananunua binadamu na kuwapeleka ng'ambo. Wanaonunuliwa si mateka wa vita. Ni watu huru, raia wa majimbo ya Kirumi, wakulima wa vijiji vya bara. Wachache wameuzwa na wazazi wao kwa ufukara. Wengine wote wameibwa. Yapo makundi ya watu, aandika, wanaoingia usiku vijijini, mahali penye nyumba chache, wakipiga makelele ya kutisha, wamevaa kama askari au kama washenzi wa porini, wakateka na kuwauzia wachuuzi. Wasomaji wetu wa Kivu na Ituri hawahitaji kuelezwa zaidi maana ya watu wanaokuja usiku na mavazi ya askari.

Kisha barua yatoka kwenye maelezo ya jumla na kutaja watu. Augustino alizungumza na msichana mmoja kati ya waliokombolewa. Alimwuliza aliuzwaje. Msichana akajibu kwamba alinyakuliwa nyumbani kwa wazazi wake. Askofu akauliza kama alikutwa peke yake. Hapana, akasema, wazazi wake na ndugu zake walikuwapo, walitazama. Na kaka yake, ambaye alikuwa amekuja Hippo kumchukua, alikuwa amesimama hapo hapo. Kwa kuwa dada alikuwa mdogo, yeye ndiye aliyeeleza jinsi shambulio lilivyotokea. Twapenda vijana wasome tena sentensi hiyo. Kijana mkulima, aliyeona usiku ule na hakuweza kufanya lolote, alifunga safari hadi mji wa pwani, akautafuta mlango wa Kanisa, akampata dada yake.

Yapo mengine yasiyo na silaha. Mwanamke wa Hippo yenyewe aliwaendea wanawake wa mahali paitwapo Giddaba, akijifanya kwamba anataka kununua kuni. Walipomfuata, akawafungia, akawapiga, akawauza. Hakuna makelele ya usiku hapo: ni biashara ya kawaida, ahadi ya fedha kidogo, mama mmoja akiwaita akina mama wengine. Mkulima mmoja wa shamba la Kanisa, mtu aliyekuwa na hali nzuri, alimwuza mke wake, mama wa watoto wake, bila kosa lolote la mke, kwa tamaa ya bei tu. Na kijana wa umri wa miaka 20 hivi, karani mwenye akili, alishawishiwa kutoka katika nyumba ya watawa ya Hippo na kuuzwa. Kanisa lilimkomboa kwa shida. Yaani ubaya huu ulikwisha kuingia mpaka ndani ya uzio wa askofu. Augustino hafichi. Angeweza kuwalaumu Wagalatia tu, wageni wa mbali, na barua ingependeza zaidi kusomwa. Lakini anataja mtu wa Hippo, mkulima wa Kanisa, wenyeji wanaopeleka wenyeji gatini.

Sasa lile tukio lenyewe. Kama miezi minne kabla ya kuandika, watu waliokusanywa kutoka sehemu mbalimbali, hasa Numidia, waliletwa Hippo ili wapakiwe. Muumini mmoja alizipata habari. Aliijua desturi ya Kanisa lake ya kukomboa watu wa namna hiyo, akaenda kutoa taarifa. Barua haitaji jina lake wala kazi yake. Mara hiyo hiyo waumini wakaenda, wakawatoa watu wapatao 120, baadhi kutoka ndani ya merikebu walimokuwa wamekwisha kupakiwa, baadhi kutoka mahali walipofichwa wakingoja kupakiwa. Walipohojiwa, hawakupatikana zaidi ya watano au sita waliouzwa na wazazi wao. Habari zao wengine, asema Augustino, hakuna awezaye kuzisikia bila machozi.

Yeye mwenyewe hakuwapo. Anasema wazi kwamba yalitendeka akiwa safarini. Sisi twaona kwamba neno hilo dogo ni lenye uzito kuliko mengi katika barua. Mara nyingi katika vikundi vyetu jambo gumu hungojewa mpaka padri paroko arudi, na merikebu haingoji. Waumini wa Hippo walikuwa wamezoezwa na mchungaji wao kiasi kwamba walijua la kufanya bila kumwuliza. Mwanafunzi wake Possidius, aliyeandika maisha yake, anasimulia pia kwamba Augustino aliagiza vyombo vitakatifu vivunjwe na kuyeyushwa ili fedha yake iwasaidie mateka na maskini, na kwamba walikuwapo watu waliochukizwa. Waumini waliokulia chini ya askofu wa namna hiyo hawakuona ajabu kuingia katika merikebu ya mtu mwingine.

Tusimpambe, hata hivyo, kupita kiasi. Augustino hakudai kwamba utumwa wenyewe ufutwe. Aliuona kuwa tunda la dhambi katika ulimwengu ulioharibika, akawafundisha watumwa kutii na mabwana kuwa na huruma. Mawazo hayo yalitumiwa vibaya na wengi kwa karne nyingi baada yake, na ndugu zetu waliopitishwa Ujiji na Bagamoyo walilipa sehemu ya gharama. Alichokipinga bandarini ni kuwafanya watu huru kuwa watumwa. Aliuchunguza mpaka huo kwa bidii ya mwanasheria, hata akamwandikia mtaalamu wa sheria kumwuliza juu ya hali ya watoto ambao wazazi wao wamewauza au kukodisha kazi yao. Twaweza kusikitika kwamba aliishia hapo. Na bado ni haki kusema kwamba ndani ya mpaka huo alifanya kazi ambayo wakubwa wengi wa mji hawakuthubutu kuigusa.

Kuhusu sheria, iko sehemu ya barua ambayo vijana wanaosoma mambo ya haki wataipenda. Ilikuwapo sheria ya Kaisari Honorius dhidi ya wachuuzi wa namna hii. Mwenye hatia apigwe kwa mijeledi yenye vipande vya madini ya risasi, anyang'anywe mali, ahamishwe milele. Augustino aliitaka sheria, na kazi aliyompa Alipio ilikuwa kuhakikisha kwamba nguvu yake inafika Afrika. Lakini mijeledi ile iliweza kumwua mtu. Akaogopa kwamba Kanisa, likiitumia sheria nzima ili kuwaokoa wanyonge, litawapeleka wengine kwenye kifo. Kwa hiyo anaeleza kwamba wao huitumia kwa kadiri inavyotosha kuwatoa watu mikononi mwa wachuuzi, pasipo kudai adhabu ile, akitaka Kaisari aitengeneze upya. Wapo watakaosema kwamba huo ni udhaifu mbele ya wezi wa watoto. Sisi twamwona mzee aliyeziona pande zote mbili za mjeledi.

Linganisho moja na historia yetu wenyewe haliepukiki. Kibanga na Mpala, Mababa Weupe walikomboa watoto wengi kwa nguo na shanga, na wengi wa watoto hao hawakurudi kwao: kwao kulikuwa mbali, au kumeteketezwa, au hawakupakumbuka tena. Wakalelewa katika kijiji cha misioni, wakaoana huko, wakawa jamii mpya chini ya uangalizi wa padri. Adrien Atiman, aliyeibwa akiwa mtoto katika nchi za mto Niger, akakombolewa, akasomeshwa uganga Malta na kuwa mganga na katekista huko Karema, ng'ambo ya ziwa mkabala na Mpala, aliwatibu watu mpaka alipokufa mwaka 1956. Maisha yake ni baraka, lakini nyumbani kwake palibaki nyuma ya jangwa. Hippo mambo yalikuwa tofauti kidogo, kwa sababu vijiji vilikuwa bado vipo. Ndugu za waliotekwa walikuja mjini kuwatafuta, wameshika barua za maaskofu wa kwao za kuwatambulisha, kama leo mtu aendavyo na barua ya parokia yake.

Bandari ya Annaba ingali inafanya kazi. Na usiku, kutoka fukwe za karibu, vijana huondoka kwa siri katika mashua ndogo wakielekea Sardinia. Huwalipa wenye mashua, na wapo wasiofika. Hatusemi kwamba hilo na biashara ya Wagalatia ni kitu kimoja. Kijana anayelipa nauli hakufungwa kamba. Ila mwanamke wa kuni wa Giddaba hakutumia kamba mwanzoni, naye.

Barua inapoandikwa, shauri la wale 120 halijaisha. Wachuuzi wana walinzi wao, watu wenye vyeo, na kwa msaada wao wanadai warudishiwe watu waliokombolewa, hata wale ambao ndugu zao wamekwisha kuwachukua. Sanduku la Kanisa halitoshi kuwalisha wote. Kwa hiyo baadhi wamegawanywa katika nyumba za waumini, huyu wawili, yule mmoja, na sasa wenye nyumba hizo nao wameanza kusumbuliwa. Augustino anamwomba Alipio ajitahidi kule Italia. Barua ikavuka bahari, na katika nyumba za Hippo watu wa Numidia wakaendelea kula pamoja na wenyeji wao, wakingoja kuona ni nani atakayebisha hodi kwanza, ndugu yao au mtumishi wa mchuuzi.